Ubani wa Hojari, maydi na ubani mweusi: upi wa kufukiza, upi wa kutafuna, upi wa kuacha dukani

Ukifika kwa muuza viungo Darajani, Unguja, au vichochoroni Mji wa Kale, Mombasa, ukasema tu "nipimie ubani", utapimiwa ule ulio karibu na mizani. Neno lenyewe limebeba mengi. Tanzania kutoa ubani ni kumpa mfiwa mkono wa rambirambi. Watoto wa pwani huita ubani hata bablishi ya dukani. Na ndani ya magunia ya muuzaji, ubani ni utomvu wa miti isiyopungua mitatu, kila mmoja na kazi yake, na bei zake ziko mbali mbali. Ukinunua wa kutafuna ukautia motoni utautupa bure, na ukinunua wa kufukizia ghala ukautia kinywani utajuta. Hapa tunazipima aina tatu unazoweza kuzipata Afrika Mashariki bila kuagiza ng'ambo, pamoja na vitu vinavyouzwa kwa jina hilo na visivyostahili kuitwa hivyo.

Tuanze na Hojari, kwa kuwa ndio unaoombwa zaidi na ndio unaoghushiwa zaidi. Ni utomvu wa Boswellia sacra, mti mfupi wenye gome linalobanduka kama karatasi, unaoota Dhofar, kusini mwa Oman, na pia Hadramaut na kaskazini mwa Somalia. Dhofar ina milima inayotazama bahari, na majira ya khareef, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, ukungu na manyunyu huifunika miteremko ya upande huo. Miti inayotoa Hojari iko nyuma ya milima, ukungu usikofika, kwenye mabonde makavu. Wauzaji wa Salalah, mji mkuu wa Dhofar, huutenga na ubani wa Najdi wa nyanda za ndani na ule wa Sha'bi wa karibu na pwani, ambao ni mweusi zaidi na rahisi zaidi. Bonde la Wadi Dawkah, lenye miti hiyo, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000.

Mgemaji hubandua kipande kidogo cha gome kwa kisu kiitwacho mingaf. Maziwa meupe yanatoka na kuganda. Mkwanguo wa kwanza hauna thamani kubwa. Hurudi baada ya kama wiki mbili, akafungua jeraha lile lile, na ni kuanzia mkwanguo wa tatu ndipo hutoka punje safi, zinazopitisha mwanga. Ndiyo sababu ubani mzuri ni ghali: kinacholipiwa ni safari za kurudi kwenye mti mmoja.

Dukani tafuta punje zenye ukubwa wa kuanzia mbaazi hadi kokwa ya tende, zenye kijani kilichofifia au manjano ya limau, zimevikwa unga mweupe kidogo kwa kusuguana. Chukua mbili uzisugue kiganjani. Harufu ya ganda la limau na msonobari ikija papo hapo, mafuta yake bado yamo. Ikiwa lazima uupumulie na kuukuna ndipo unukie, umekaa gunia miaka.

Kuhusu kijani, hukumu yetu ni hii: usilipie Hojari ya kijani kwa ajili ya kuitupa juu ya kaa jekundu. Harufu ile ya limau iko kwenye mafuta mepesi, na mafuta hayo ni asilimia 5 hadi 9 tu ya punje. Asilimia 65 hadi 85 ni ulimbo wenyewe, na kilichobaki ni gundi inayoyeyuka majini, ya jamii moja na gundi ya mgunga. Kaa la moto huyatimua mafuta mepesi dakika ya kwanza, na baada ya hapo pua haitofautishi tena punje ya kijani na ya manjano. Ya manjano safi inatosha kabisa kwa chetezo cha makaa. Ya kijani iweke kwa maji, kwa kutafuna kidogo, au kwa chetezo cha umeme kinachopunguzwa moto.

Kufukiza kunaonekana jambo la kila mtu, lakini nyumba nyingi huishia kunuka karatasi iliyoungua. Sababu karibu zote ni moto mkali. Weka chini ya chetezo tabaka la jivu au mchanga mkavu la sentimita 2, ili udongo usipasuke na hewa ipite chini ya kaa. Tumia kipande cha mkaa wa kawaida kisichozidi kidole gumba. Makaa ya duara yanayouzwa kwenye karatasi ya fedha yametiwa shura ili yashike haraka. Ndiyo yanayorusha cheche. Ukiweka ubani wakati cheche bado zinatembea utanusa shura. Subiri kaa lote livae jivu la kijivu, kama dakika 5 hadi 10, kisha liongezee jivu jembamba juu, unene wa ukucha. Hapo ndipo uweke punje moja, mbili zikiwa ndogo.

Itazame hiyo punje. Kwanza inatoa jasho na kung'aa. Kisha inalainika pembeni, povu dogo linapanda, na moshi mweupe unatoka wima kama uzi. Huo ndio moshi unaoutaka. Baada ya dakika kadhaa povu linageuka kahawia, kisha jeusi, na moshi unakuwa wa kijivu, unachoma koo. Ulimbo sasa umekwisha na iliyobaki ni ile gundi, ambayo haiyeyuki kwa moto, inaungua kama sukari. Iondoe kwa koleo au ncha ya kisu kabla ya kuweka punje nyingine. Watu huongeza mpya juu ya mkaa wa ya zamani, halafu wanamlaumu muuzaji.

Kwa nguo, chetezo kikae chini ya kichanja, nguo ziwe juu kwa umbali wa mkono mmoja, dakika 5 zinatosha kwa pamba. Kanga na kanzu za pamba hushika harufu vizuri zikiwa na unyevu kidogo sana. Vitambaa vya nailoni na poliesta viweke mbali zaidi: cheche moja hutoboa.

Kwa maji ya kunywa, desturi ya pwani na ya Oman ya kufukiza mtungi bado ndiyo matumizi mazuri kuliko yote ya ubani wa bei ya kati. Mtungi uwe mtupu na mkavu hadi ndani ya shingo. Uinamishe juu ya chetezo, mdomo chini, ukiacha upenyo wa vidole viwili ili kaa lisizimike, kwa dakika 10. Uache upoe ukiwa umefunikwa, ndipo utie maji. Mtungi wenye unyevu utashika masizi na maji yatakuwa na uchachu wa jivu. Na usitumie udi wa kusokota wa dukani kwa kazi hii. Udi ule hutengenezwa kwa sukari na mafuta ya manukato, ndiyo maana hulia motoni na kuacha lami; mtungi ukishanywa hiyo, hautoki kwa kusugua.

Maydi, kama Wasomali wanavyouita, ni kitu kingine kabisa. Ni Boswellia frereana, mti wa pwani ya kaskazini ya Somalia unaong'ang'ania majabali kwa kitako kilichovimba. Punje zake ni kubwa na ndefu, rangi ya siagi hadi asali, mara nyingi zina vibanzi vya gome upande mmoja. Nairobi utaupata Eastleigh, na Mombasa kwa wauzaji wa Kisomali. Vipande virefu vizima ndivyo ghali kuliko vyote.

Tofauti yake kubwa haionekani kwa macho: maydi karibu hauna ile gundi ya kuyeyuka majini. Ni ulimbo na mafuta tu. Hilo linaeleza mambo matatu kwa pamoja. Ukiloweka hautoi maziwa. Ukitafuna haumomonyoki ukaisha, unabaki donge. Na ukiuweka juu ya kaa unayeyuka wote na kuteremka kwenye jivu, hivyo nusu yake haifukizi chochote bali inaganda chini ya chetezo. Ukitaka kuufukiza lazima uweke kipande cha karatasi ya fedha juu ya kaa, kimekunjwa kingo kama kisahani. Harufu yake ni safi, nyepesi, ina limau, na haina mwisho mchungu. Hata hivyo kwa kufukiza tu, bei yake haina maana.

Kwa kutafuna, hauna mshindani. Wengi huushindwa kwa kuuma mapema. Chagua kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, ondoa gome kwa ukucha, kiweke kati ya shavu na ufizi. Kiache nusu dakika hadi dakika nzima kipate joto la mwili. Ukikiuma kikiwa baridi kinapasuka kuwa unga, unga unaingia kwenye meno na unaona kama unatafuna mchanga wenye uchungu. Kikishalainika, kikandamize polepole kwa magego ya upande mmoja mpaka kiungane. Uchungu wa mwanzo hudumu dakika moja au mbili, kisha unabaki ubaridi na harufu ya msonobari. Rangi inageuka nyeupe kama maziwa. Baada ya dakika 20 hivi ladha imekwisha, teme. Mwenye meno ya bandia, au jino lililozibwa na zibo linalocheza, asijaribu: ulimbo huu una nguvu ya kung'oa. Ukinasa kwenye meno, maji hayatausaidia. Sukutua kwa kijiko cha mafuta ya nazi, kwa sababu ulimbo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji.

Hapa tuseme jambo kuhusu afya, kwa kuwa ndilo linalouza ubani siku hizi. Vidonge vya maumivu ya viungo vinavyotajwa sana mitandaoni hutengenezwa zaidi kwa Boswellia serrata ya India, iliyokamuliwa na kupimwa kiasi cha asidi zake. Asidi hizo zimo pia kwenye sacra, lakini kwenye maydi ni kama hazipo. Anayenunua maydi kwa ajili ya magoti ananunua kitu cha kutafuna. Hata maji ya Hojari hayalingani na vidonge, kwa kuwa asidi hizo ziko kwenye ulimbo, na ulimbo ndio unaobaki chini ya glasi. Mjamzito, mtu anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, na mgonjwa mwenye dawa za kila siku aongee na daktari kabla ya kuunywa. Na moshi ni moshi, hata ukinukia. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Chumba cha mzazi aliye ndani ya arobaini kifukizwe akiwa nje na mtoto wake, madirisha wazi, na warudi moshi ukishatoka. Mwenye pumu asikae karibu na chetezo.

Ukitaka maji ya ubani, chukua Hojari gramu 5, sawa na kijiko cha chai cha punje ndogo, zisuuze haraka kuondoa vumbi, zitie kwenye mililita 250 za maji safi ya vuguvugu, funika, acha saa 8 hadi 12. Maji yanakuwa meupe kama tui jepesi. Chuja kwa kitambaa safi, kwa kuwa vibanzi vya gome hukwama kooni. Usichemshe, unayafukuza mafuta na ulimbo unagandia sufuria. Punje zilizobaki usizitupe. Zikaushe kivulini siku mbili, uzifukize: gundi nyingi imeshatoka, na zinaungua bila ule mwisho mchungu kiasi kile.

Ubani mweusi wa Kenya ni wa Boswellia neglecta, na unatoka Isiolo, Samburu, Marsabit, Wajir na Mandera. Mti huu haugemwi kwa kisu. Hutoa utomvu wenyewe, hasa pale wadudu wanapotoboa gome, na wafugaji, wengi wao wanawake, huokota huku wakichunga. Kwa hiyo unafika sokoni ukiwa na gome, mchanga, na mara nyingine kinyesi cha mbuzi. Unaponunua kilo, unanunua na uchafu huo. Harufu yake ni nzito: udongo, pilipili, msonobari. Si wa sebuleni wala wa nguo. Ni wa ghala la nafaka, banda, chumba kilichonuka samaki, uani kwenye shughuli ya watu wengi. Hapo unafanya kazi kuliko Hojari, na kwa bei ndogo sana.

Kabla ya kuutumia, umwage kwenye ungo mchana wa jua kali kidogo, pepeta mchanga, kisha kwa mkono tenga gome. Gome ndilo linalotoa moshi wa kuni unaofanya watu waseme ubani wa Kenya ni mbaya. Ukishasafishwa, ni ubani wa heshima. Inauma kuona madalali wakinunua safi na chafu kwa bei moja ya uzani, maana mwokotaji hana sababu ya kupoteza siku akichambua ilhali mchanga unamwongezea mizani. Ukimpata muuzaji aliyepanga madaraja mawili, mlipe tofauti yake.

Kwenye magunia hayo hayo utakuta vitu vinavyofanana nao. Manemane ina rangi ya kahawia nyekundu, ukiivunja ndani ina mistari meupe, na ukiigusa kwa ulimi uchungu unakaa. Hagar, utomvu wa Commiphora holtziana, unanata vidole na harufu yake ni tamu nzito. Wafugaji huupaka mifugo kuzuia kupe. Vyote viwili vina kazi zake, ila si ubani.

Sasa vya kughushi. Kinachotumika zaidi ni ulimbo wa msonobari uliokaushwa, unaong'aa kama kioo. Jaribu hivi. Shika punje kwa koleo, isogeze kwenye moto wa kiberiti. Ubani wa kweli unashika, unatoa masizi, unatoa povu na kuacha kaa jeusi. Ulimbo wa msonobari unadondoka kama nta na kunuka tarpentaini. Kisha jaribu maji: punje iliyopondwa, nusu glasi ya maji, koroga, subiri saa moja. Maji yakiwa meupe na mashapo yakabaki, ni ubani wenye gundi, yaani Hojari na jamaa zake. Punje ikiyeyuka yote bila mashapo, umeuziwa gundi ya mgunga. Maji yakibaki kama yalivyo, ama ni maydi, ama ni msonobari, ama sandarusi. Hapo meno ndiyo yanaamua. Maydi hulainika na kuwa donge, msonobari hunata kwenye magego kama gundi ya viatu, sandarusi inabaki gumu, inapasuka kama kigae.

Sandarusi yenyewe isidharauliwe. Ni utomvu wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa pwani yetu. Karne ya 19 ile iliyokaa ardhini miaka mingi ilichimbwa mrima mzima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, na Hamburg, kutengenezewa vanishi. Ile mbichi ya mtini iliitwa chakazi, ikauzwa kwa bei ya chini. Inafukizika, lakini usilipie sandarusi bei ya Hojari.

Kuna pia ubani mweupe wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, Boswellia papyrifera, ambao ndio sehemu kubwa ya ubani wa makanisani. Harufu yake inaelekea chungwa zaidi ya limau. Kwa kufukiza ni mzuri, na mara nyingi ndio unaouzwa kwa jina la Oman. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa sehemu nyingi unakoota, miche michanga karibu haipo, kwa sababu ya ugemaji uliopita kiasi, moto na mifugo. Kwa hiyo tumia punje moja panapotosha moja.

Ubani uliosagwa tayari usinunue kabisa. Ndani ya unga huwezi kuona gome, mchanga wala msonobari, na mafuta yake hutoka haraka. Saga mwenyewe: tia punje kwenye friza saa moja, kisha zitwange kwenye kinu kikavu kwa mapigo mafupi ya juu kwenda chini. Usizungushe mchi, maana msuguano unaleta joto, na joto linageuza unga kuwa ulimbo unaoshika kinu. Mashine ya kusagia kahawa utaiharibu kwa sababu hiyo hiyo. Kinu kikishika, pangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha jivu na sabuni. Nguo iliyodondokewa na ulimbo igandishe kwenye friza, kwangua, malizia na spiriti kabla ya kufua kwa maji ya moto.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, mbali na jua na jiko. Mfuko wa plastiki hunywa mafuta na joto la pwani hushikanisha punje kuwa jiwe moja. Kwa nyumba ya kawaida gramu 100 za Hojari ya manjano, gramu 50 za maydi na nusu kilo ya ubani mweusi uliochambuliwa ni mzigo wa kuanzia. Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue gunia akutolee wa chini, maana juu huwekwa punje nzuri. Vumbi lililokaa chini, likiwa ni la Hojari tupu na lina harufu, liulizie bei yake peke yake: kwa kufukiza kabati na mtungi halina tofauti na punje, na aghalabu huuzwa kwa bei ndogo zaidi.